Bei ya Mwezi na Miaka ya Masomo

Swali ambalo vijana wa darasa la sita la humanite huniuliza mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: "Mama, ni masomo gani yanayotoa kazi haraka hapa Kolwezi?" Huliuliza wakiwa bado wamesimama mlangoni mwa ukumbi wa parokia, kana kwamba jibu lake ni neno moja, na wakishalipokea wataenda zao. Kwa miaka saba sasa, kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, nimekuwa nikikaa na vijana hao pamoja na wenzangu wawili, mmoja mwalimu wa hesabu na mwingine mchomeleaji wa vyuma. Mimi ni mpimaji wa maabara. Kazi yangu ni kupokea unga wa mawe, kuupima uzito, kuuyeyusha kwa asidi, kisha kusema una shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Hatuna cheo chochote katika shauri la masomo. Tuna meza, daftari na muda.

Swali lile silijibu upesi, kwa kuwa limebeba historia ya mji huu kuliko vijana wenyewe wanavyotambua. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines iliyochukua migodi yake baada ya utaifishaji wa mwaka 1967, hazikumwajiri mtu peke yake. Ziliajiri nyumba nzima. Mfanyakazi alipata makao, hospitali na unga wa bukari kwa ajili ya jamaa yake. Watoto walisoma katika shule za kampuni, na mwenye mkono mwepesi aliweza kuendelea na mafunzo ya ufundi ya kampuni hiyohiyo. Mzazi wa wakati ule akiulizwa mwanawe atakuwa nani, alielekeza kidole upande wa kiwanda, na mara nyingi kidole hakikukosea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka, zikafuata fujo za siasa na uchakavu wa mitambo, na mwaka 1994 uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipokea malipo ya mara moja wakaondoka.

Kilichoondoka siku hizo hakikuwa mshahara tu. Aliyekuwa akipanga maisha ya familia aliweka kalamu chini, na hakuna aliyekabidhiwa kalamu ile. Wazazi wengi wa Kolwezi, watu wenye akili na bidii, hawakuwahi kumwona mzazi wao akikaa mezani kuamua mtoto asome nini, kwa miaka mingapi na kwa fedha za nani. Ndiyo sababu nakataa lawama tunazozisikia hata mimbarini, kwamba vijana wa siku hizi hawafikirii mbele. Wanafikiria sana. Wanachokosa ni mtu wa kuwaonyesha namna hesabu yenyewe inavyofanywa.

Nafasi ya kampuni ikachukuliwa na bei. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, mkazi mmoja aliyekuwa akichimba katika kiwanja chake alikuta madini ya kobalti. Haukupita muda mrefu watu wakawa wanachimba ndani ya vyumba vyao vya kulala. Hakuna mshauri anayeweza kushindana kwa maneno matupu na ardhi ya namna hiyo. Kobalti ikipanda, wavulana hutoka darasani, na hata wale wanaobaki hubadili mipango: kila mmoja ghafla anataka jiolojia. Ikishuka, wote wanataka sheria, au wanataka kwenda Zambia.

Basi huwa nawaandikia tarakimu hizi ubaoni. Machi 2018 tani moja ya kobalti iliuzwa kwa zaidi ya dola 90,000 katika soko la London. Katikati ya mwaka 2019 haikufika dola 30,000, na kabla ya mwaka huo kwisha mgodi wa Mutanda, uliokuwa ukitoa kobalti nyingi kuliko mgodi mwingine wowote duniani, ulisimamisha kazi kwa takriban miaka miwili. Mwaka 2022 bei ikapanda tena, ikapita dola 80,000. Februari 2025 ilikuwa imeanguka kiasi kwamba serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, na Oktoba ya mwaka huohuo ikaweka mgawo kwa makampuni. Sasa mchukue kijana aliyeingia chuo kikuu mwaka 2022 kwa sababu ya bei ya mwaka 2022. Kwa utaratibu mpya wa vyuo vyetu, lisansi ni miaka mitatu, na masta ni miwili mingine. Lisansi yake ilimfikisha mwaka 2025, kobalti ikiwa imezuiwa mpakani. Kweli, shaba ina mwendo wake mwingine, na migodi yetu mingi hutoa vyote viwili, kwa hiyo si kila lango lilifungwa. Hata hivyo aliyechagua masomo kwa bei ya mwezi alichagua kwa kipimo kisichoweza kudumu mpaka siku ya kuvaa joho.

Mvulana mmoja wa miaka 19, mwanafunzi wa tawi la biolojia na kemia, alinisikiliza nikieleza hayo yote, kisha akasema kwa adabu kwamba tarakimu ni nzuri lakini nyumbani kwao watu wanakula jioni hii. Alikuwa ameanza kuchimba wakati wa likizo na likizo haikuisha. Baba yake hayupo. Mama yake anauza makala sokoni. Wadogo zake wawili wako shule ya msingi, ambayo tangu Septemba 2019 haidai ada, lakini daftari na viatu vinadai. Wiki moja aliyotaja, alikuwa amepata fedha ambazo mwalimu wake hapati kwa mwezi. Ningemjibu nini? Kumwambia "rudi shuleni" bila kusema nani atanunua unga ni sawa na kumwonyesha mwenye kiu picha ya Mto Lualaba.

Mwenzangu wa hesabu ndiye aliyempa daftari. Akamwomba aandike kila Jumamosi alichopata na alichotumia: chakula cha machimboni, fungu la wenzake wa shimo, nauli, malipo ya kupitisha magunia, deni la tochi na kamba. Hakumwomba aache kuchimba. Baada ya wiki kumi na mbili tulisoma pamoja. Wiki nne zilikuwa za kupata, nane za kukopa. Jumla yake, ikigawanywa kwa siku, ilikuwa ndogo kuliko alivyoamini yeye mwenyewe, kwa kuwa kumbukumbu huhifadhi wiki nono na kuisahau iliyokonda. Sikuona haja ya kuongeza neno. Alilifunga daftari, akalifungua tena, akahesabu upya.

Kisha akauliza swali ambalo lilinifurahisha kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika ukumbi ule: mashine ya kwenye depo inajuaje? Wachimbaji wanaijua vizuri mashine hiyo inayoshikwa kama bunduki. Mnunuzi huielekeza kwenye gunia, tarakimu inatokea, na tarakimu ndiyo bei. Nilimweleza kwamba mashine hupiga mionzi juu ya jiwe na kusoma kinachorudi, na kwamba husoma upande ule tu ilioelekezwa. Jiwe likiwa na unyevu, au sampuli ikichotwa upande mmoja wa gunia, tarakimu hubadilika. Sisi katika maabara hatupimi jiwe. Tunaponda, tunachanganya, tunagawa mafungu manne, tunachukua mawili yanayoelekeana, tunachanganya tena, na kurudia mpaka kiganja kimoja cha unga kiweze kusema kweli kuhusu mzigo mzima. Alinyamaza. Miezi yote ile alikuwa akiuza kitu asichoweza kukipima kwa mtu aliyeweza. Kemia aliyokuwa ameiacha darasani ndiyo hasa iliyokosekana pale kwenye depo.

Alirudi, akafanya Mtihani wa Serikali, akapata diploma kwa asilimia 56. Hakwenda chuo kikuu. Tulipohesabu, miaka mitatu au mitano bila kipato isingewezekana kabla ya mdogo wake mmoja kumaliza shule. Aliingia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako mtu hujifunza fani kwa muda mfupi kuliko chuo, akachukua umeme. Asubuhi yuko darasani, mchana anabeba mizigo. Chuo kikuu kimeandikwa katika daftari lake, na mwaka umeandikwa pembeni. Wapo waliosema tumemshusha. Mimi sioni hivyo. Mji wetu una mabwawa ya Nzilo, Nseke na Busanga, una viwanda vinavyolilia umeme mchana na usiku, na bado tunamheshimu mwenye jina la injinia asiye na kazi kuliko fundi mwenye wateja wanaomngoja.

Nimelitaja jambo la nyumba nzima kwa makusudi. Shirika la Bon Pasteur Kolwezi, lililoanzishwa mwaka 2012 na Sista Catherine Mutindi, aliyepewa Tuzo ya Opus mwaka 2019, linajulikana kwa kuwatoa watoto machimboni na kuwarudisha darasani. Watu wengi husimulia sehemu hiyo tu. Lakini kazi yake imeambatana na kuwapa wazazi njia nyingine ya kipato, kilimo kikiwa mojawapo, kwa sababu mtoto anayetoka shimoni anaacha pengo mezani. Somo hilo linawahusu pia hawa wakubwa wa miaka 18 na 19.

Hata hivyo mambo mengi huamuliwa mapema mno kuliko darasa la sita. Mwisho wa darasa la nane mtoto hufanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchuja na kuelekeza, na akiwa na miaka 14 hivi anatakiwa kuchagua tawi: ualimu, biashara, sayansi, umeme, ujenzi, ushonaji, uuguzi. Kwa kawaida huchaguliwa tawi lililopo katika shule iliyo karibu, au lile ambalo minervali yake ni nafuu, au lile alilosoma binamu. Miaka minne baadaye ndipo tunapoulizwa tufanye muujiza. Aliyesoma biashara anataka udaktari, wa ushonaji anataka ujenzi wa madaraja. Si marufuku, lakini vitivo vingine huweka mtihani wa kuingia au mwaka wa maandalizi, na pengo la hesabu na fizikia halizibwi kwa sala ya novena. Kwa hiyo, viongozi wa vikundi, msingoje wa darasa la sita. Waiteni wa darasa la saba na la nane, ambao bado wana njia mbili mbele yao.

Mwaka juzi baba mmoja alikuja na binti yake wa darasa la nane. Binti alitaka shule ya uuguzi. Baba alitaka biashara na usimamizi, kwa kuwa mpwa wake ni mtunza fedha katika kampuni inayopewa kazi na migodi. "Mama," aliniambia, "anayelipa ndiye anayechagua." Watu hucheka wakisikia hivyo, mimi sicheki. Anayelipa anajua kitu ambacho binti hakijui: analipa kutoka wapi, na mpaka lini. Tuliwaomba waende pamoja, baba na binti, kumwona muuguzi wa kituo cha afya na kumwona yule mpwa. Walikwenda wote wawili mahali pote pawili. Muuguzi aliwaambia kwamba amefanya kazi miaka kadhaa bila kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali, anaishi kwa mgawo wa ada za wagonjwa. Mpwa naye alikiri jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye sherehe za familia: mkataba wake ni wa miezi mitatu, huandikwa upya kila unapokwisha, na kila unapokaribia kwisha halali. Baba na binti walirudi wakiwa wametulia zaidi kuliko walivyoondoka. Binti alichagua uuguzi. Baba alikubali kwa sharti kwamba aendelee baadaye mpaka chuo cha afya, na alianza mwezi uleule kuweka kando kiasi kidogo kwa ajili hiyo. Uamuzi wenyewe naujali kidogo kuliko ile safari yao ya miguu ya mchana mmoja.

Karatasi tunayotumia ni ya kawaida kabisa. Upande mmoja tunaandika miaka ya masomo, upande wa pili gharama za kila mwaka, ikiwemo chumba na chakula ikiwa mtoto ataondoka nyumbani. Kati ya kusoma hapa Kolwezi na kusoma Lubumbashi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, tofauti kubwa mara nyingi haipo katika ada bali katika kodi ya chumba na gunia la unga. Upande wa tatu tunaandika jina la mtu. Si "familia", si "Mungu atajalia", bali jina: shangazi fulani, mwaka wa kwanza, mimi mwenyewe kwa kazi ya likizo, mwaka wa pili. Mwenye jina anaitwa, anaulizwa kama anakubali. Upande huo wa tatu ndio unaochukua Jumamosi mbili au tatu, na ndio unaotoa machozi. Injili ya Luka inamtaja mtu anayetaka kujenga mnara na kukaa kwanza kuhesabu gharama. Nimeona kwamba wengi wetu tunamkumbuka mnara, tunamsahau aliyekaa.

Yapo majina mengine yanayoweza kuandikwa pale, na vijana hawayafikirii. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni ya mgodi itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi, na iwekeane na jamii hizo hati ya majukumu. Hati hiyo ni haki ya jamii kuijua. Kikundi cha vijana kinachoishi jirani na mgodi kinaweza kwenda kwa wawakilishi wa jamii na kuuliza: je, ndani yake mna neno lolote kuhusu masomo ya watoto wetu? Likiwamo, limetekelezwaje? Lisipokuwamo, litazungumzwa lini tena? Sheria ya mwaka 2017 nayo inazihifadhi kazi za mkataba mdogo kwa makampuni ambayo Wakongomani wanamiliki sehemu kubwa ya mtaji. Anayesoma biashara na asiyeijua sheria hiyo amesomea nusu ya biashara.

Kuhusu fani zenyewe, nina maoni ambayo wenzangu hawakubaliani nayo kikamilifu. Naona tunawapeleka wengi mno kwenye mwamba na wachache mno kwenye udongo. Unga wa bukari tunaokula hapa kwa sehemu kubwa hupita Kasumbalesa ukitoka Zambia. Wenzetu wa huko wakibana mauzo, kila mama wa Kolwezi anajua kabla ya redio kutangaza. Mtu akipungukiwa kobalti atalala. Akipungukiwa unga, hapana. Bado katika miaka saba ni vijana watatu tu walioniuliza kuhusu kilimo, na mmoja wao alinong'ona.

Neno moja zaidi, kwa ufupi, kwa kuwa lilimpata mmoja wetu mwaka huu. Mtu akikuahidi kazi mgodini kwa sharti la kutanguliza fedha, hakuna kazi. Andika jina lake, usimpe kitu, mweleze mzazi. Ofisi ya ajira ya serikali, ONEM, ipo hapa mjini, na wahitimu hujiandikisha hapo kama watafuta kazi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao mchomeleaji wetu ataleta mashine yake uani na kuwaacha wa darasa la saba na la nane waishike, wasichana kwanza, kwa sababu mara iliyopita hawakupata zamu. Sisi wengine tutakuwa ndani ya ukumbi kuanzia saa nane mchana. Wa darasa la sita waje na buletini za miaka miwili iliyopita, kalamu ya risasi, na mtu mmoja kati ya wale ambao majina yao yataandikwa upande wa tatu.